Maua ya Altare: Tupande Wenyewe, Tufuate Majira ya Kanisa



Kikundi kimoja tulichokitembelea kilitoa pesa za mfuko kununua maua ya zambarau mjini kwa ajili ya Kwaresima. Jumapili asubuhi padre akaomba yaondolewe. Akina mama wakanung'unika, "Kwani rangi si ndiyo hiyo?" Rangi ilikuwa sawa, majira ndiyo hayakuwa. Pesa zilipotea, na wengine wakaacha kuja kwenye mwethya. Basi tujifunze.

Rangi na majira

1. Nyeupe: Noeli na Pasaka. Hapa tupambe kwa furaha.
2. Nyekundu: Pentekoste, na sikukuu za mitume na mashahidi.
3. Kijani: Wakati wa Kawaida. Majani mabichi na maua machache yatosha.
4. Zambarau: Majilio na Kwaresima. Majilio tuweke maua kidogo tu, furaha ya Noeli isitangulie. Kwaresima hatuweki maua, isipokuwa Jumapili ya nne, na siku kubwa kama ya Mtakatifu Yosefu, Machi 19.

Tuangalie jambo hili: Kwaresima huangukia sana Februari na Machi, wakati maji ni shida huku Ukambani. Mama anayebeba mtungi asiulizwe maua. Noeli nayo huja baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba, na mashamba yana maua.

Tupande nini?

Bogenvilia huvumilia jua, na huota kwa kijiti tu. Tupande nyeupe, nyekundu na zambarau kwenye ua wa kanisa. Mawaridi tuyaweke karibu na tangi, yanyweshwe maji ya kuoshea vyombo.

Kukata na kupanga

Tukate asubuhi mapema, shina likatwe mshazari. Majani yatakayozama majini tuyaondoe, yasioze. Mkebe wenye mchanga uliolowa hushika mashina vizuri, hakuna haja ya kununua chombo. Maji yabadilishwe kila siku. Maua yakae kando au mbele ya altare, si juu ya meza yake, maana hapo ni mahali pa mkate na divai. Yasimfiche padre.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, tumuulize padre au katekista.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwaka jana tulitumia pesa ngapi kwa maua?
2. Nani atanyweshea miche, na kwa zamu gani?
3. Pesa tutakazookoa zifanye nini?