Mhalifu ni Nani? Nadharia za Kisosholojia za Uhalifu na Nafasi ya Lugha

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na wahalifu karibu katika kila riwaya anayoisoma. Mwizi, kahaba, mlanguzi na mla rushwa ni wahusika tuliowazoea. Hata hivyo, uhakiki mwingi wa madarasani huwaita "wahusika wabaya", ukaorodhesha sifa zao, kisha ukaishia hapo. Makala haya yanakusudia kueleza nadharia nne za kisosholojia kuhusu uhalifu na kuonyesha jinsi zinavyotufaa sisi tunaoshughulika na lugha. Hoja yetu kuu ni kwamba uhalifu haukai ndani ya mtenda peke yake. Jamii nayo hushiriki kuuumba, na mojawapo ya zana zake ni maneno.

Uhalifu na ukiushi

Ni muhimu kutofautisha dhana mbili. Uhalifu ni tendo linalokatazwa na sheria ya dola na kuadhibiwa. Ukiushi ni mwenendo wowote unaokwenda kinyume na kaida za jamii. Kijana anayemjibu mzee kwa ufidhuli ni mkiushi, lakini hakuna mahakama itakayomfunga. Kwa upande mwingine, anayenunua muziki ulionakiliwa bila idhini huenda anachangia kuvunja sheria, lakini majirani hawamwoni kuwa mtu mbaya.

Mwanafunzi wa mtindo ameshaizoea dhana hii. Mshairi anapoboronga sarufi ili kupata urari wa mizani, tunasema ametumia uhuru wa mshairi. Mwanafunzi wa darasa la nne akiandika vivyo hivyo katika insha, mwalimu humtia kalamu nyekundu. Tendo ni lilelile. Hukumu ndiyo inayobadilika kulingana na anayetenda na anayehukumu. Mfano huu mdogo unabeba kiini cha mjadala wetu.

Durkheim: uhalifu ni jambo la kawaida

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alidai mwaka wa 1895 kuwa uhalifu ni jambo la kawaida katika jamii yoyote. Hakumaanisha kuwa ni jambo jema. Alimaanisha kwamba hakuna jamii isiyo nao, na kwamba una kazi unayoifanya. Jamii inapomwadhibu mkosaji, wanajamii hukumbushwa mipaka ya kaida zao na mshikamano wao huimarika. Hata katika jamii ya watakatifu watupu, kosa dogo ambalo sisi hatulijali lingeonekana kubwa na kuadhibiwa. Durkheim aidha alieleza hali ya anomia, ambapo kaida hulegea kutokana na mabadiliko ya haraka, na mtu akakosa dira ya kumwongoza.

Merton: pengo kati ya malengo na njia

Mmarekani Robert Merton aliichukua dhana ya anomia na kuiendeleza katika makala yake ya mwaka wa 1938. Kwa mujibu wa Merton, jamii huwawekea watu wote malengo yaleyale, hasa utajiri, lakini haiwapi wote njia halali za kuyafikia. Pengo hilo huzaa mikabala mitano. Wako wanaokubali malengo na njia. Wanaokubali malengo lakini wakabuni njia zao haramu. Wanaoshikilia taratibu huku wamekwisha kata tamaa ya kufanikiwa. Wanaojitenga na yote, kama vile walevi wa kupindukia. Na waasi wanaotaka kubadilisha malengo na njia zenyewe. Nadharia hii inatusaidia kumsoma kijana wa riwaya anayetoka shambani na cheti chake, akakosa kazi mjini, hatimaye akajiunga na genge.

Sutherland: uhalifu hufunzwa

Edwin Sutherland, ambaye pia alikuwa Mmarekani, alishikilia kuwa uhalifu hufunzwa kama ufundi mwingine wowote. Mtu hujifunza mbinu za uhalifu, na pia visingizio vya kuuhalalisha, kutoka kwa watu wa karibu naye. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kuwa nazi mbovu harabu ya nzima. Lakini Sutherland alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1949 alichunguza makosa ya kampuni kubwa na watu wenye hadhi, akaonyesha kuwa uhalifu si mali ya maskini. Mwenye tai huiba pia, ila wizi wake huitwa kwa majina ya upole: "ubadhirifu", "dosari za hesabu", "matumizi mabaya ya ofisi".

Becker: uzito wa jina

Hapa ndipo tunapofikia nadharia inayomhusu zaidi mwanafunzi wa lugha. Edwin Lemert, mwaka wa 1951, alitofautisha ukiushi wa awali na ule wa pili. Wa awali ni kosa ambalo halijabadilisha jinsi mtu anavyojiona. Wa pili huja baada ya jamii kumbandika jina, naye akalikubali na kuishi kwalo. Howard Becker, katika kitabu cha mwaka wa 1963, alihitimisha kuwa ukiushi si sifa ya tendo lenyewe, bali ni matokeo ya watu kutunga kaida na kuzitumia dhidi ya wengine.

Historia ya Kenya ina ushahidi wa kutosha. Chini ya sheria ya mwaka wa 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande. Aliyekutwa njiani bila kipande alikuwa mkosaji, ingawa kutembea kwake hakukuwa na tofauti yoyote na kutembea kwa jana. Vivyo hivyo, kwa miaka mingi mpishi wa chang'aa alikuwa mhalifu kwa kuipika tu. Sheria ya mwaka wa 2010 iliruhusu kinywaji hicho kutengenezwa na kuuzwa kwa leseni na masharti. Chungu kilikuwa kilekile. Sheria ndiyo iliyobadilika.

Tukitazama msamiati wetu, tutaona kazi hiyohiyo ikifanywa na maneno. "Chokora" linahusiana na kitenzi kuchokora, yaani kupekuapekua, kama afanyavyo anayetafuta riziki jaani. Neno hilo huchukua tendo moja la njaa na kuligeuza kuwa nafsi nzima ya mtoto. Kelele za "Mwizi!" sokoni ni hatari zaidi. Neno hilo moja hufanya kazi ya polisi, shahidi na hakimu kwa pamoja, na mara nyingi mtu ameuawa kabla ya yeyote kuuliza kilichoibwa.

Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna, aliyefungiwa nyumbani na babake, anaishia katika ukahaba mjini. Jamii ina jina tayari la kumwita. Babake, Bwana Maksuudi, anawadhulumu wanawake huku akiheshimiwa. Mhakiki mwenye nadharia hii hataishia kuuliza nani ni mbaya. Atauliza ni nani anayeitwa mbaya, anaitwa na nani, na ni nani anayenusurika.

Udhaifu wa nadharia hii

Nadharia ya Becker ina mipaka yake. Haielezi vyema kwa nini mtu alikosa mara ya kwanza, kabla ya kupewa jina. Aidha, aliyeporwa au kubakwa ameumizwa kwa hakika, hata kama mtenda hajawahi kuitwa jina lolote. Kubadilisha majina pekee hakutoshi. Mwaka wa 2003 serikali ya Kenya ilipoanza kuwaondoa vijana mitaani, baadhi yao walipelekwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa kupata mafunzo ya kazi. Walioitwa machokora wakaitwa makuruta. Jina hilo jipya lilikuwa na uzito kwa sababu liliandamana na chakula, malazi na ufundi. Hapo Becker anamhitaji Merton: jina lifunguliwe, na njia nayo ifunguliwe.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa Durkheim anatufunza kuitazama jamii nzima, Merton kuzitazama njia zilizofungwa, Sutherland kuwatazama walimu wa uhalifu hadi maofisini, naye Becker kuyatazama majina. Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili ndio tutakaoandika habari, kamusi, vitabu vya kiada na hata kutafsiri mahakamani. Mtu aliyekamatwa leo ni mshukiwa. Aliyefikishwa kizimbani ni mshtakiwa. Ni mahakama pekee inayoweza kumfanya mfungwa. Kuzichunga tofauti hizo ni sehemu ya haki yenyewe, kwa kuwa wakati mwingine uhai wa mtu hutegemea neno atakaloitwa.