SOMO: Mgeni Akishamaliza Kusema



Safari hii tutazame vikundi vyetu vya kujitolea: mikutano yake, wageni tunaowaalika kuzungumza, na kazi inayofuata baadaye. Nasema kazi inayofuata, maana hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Klabu za huduma zinazojulikana sana duniani zilianzia Chicago, Marekani. Tarehe 23 Februari 1905 mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu, ikawa mwanzo wa Rotary. Walikutana kwa zamu katika ofisi zao, wakizunguka, na jina lao latokana na kuzunguka huko. Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1930, Dar es Salaam mwaka 1949. Desturi yao ni kukutana mara kwa mara, kula pamoja na kumsikiliza mgeni. Anayewatazama kwa nje aweza kudhani kazi yao ni chakula na hotuba. Lakini kazi yao ya kwanza kwa umma, mwaka 1907, ilikuwa kuhangaikia choo cha watu wote mjini Chicago. Naam, choo. Hakina sifa nyingi, bali kilihitajiwa.

Lions nao walianza huko huko mwaka 1917. Mwaka 1925, kwenye mkutano wao mkuu huko Cedar Point, Ohio, mgeni msemaji alikuwa Helen Keller, mwanamke aliyekuwa haoni wala hasikii tangu utoto. Hakuja kuwapamba kwa maneno. Alisema kwa ufupi, akawaomba waichukue vita dhidi ya upofu iwe yao. Wakaichukua, na hata leo huduma ya macho ni mojawapo ya kazi zao kubwa. Mgeni wa namna hiyo huacha deni kwa wenyeji wake.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Upare tuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na neno hilo limeingia hata katika Kiswahili cha nchi nzima. Tazameni ndiva zetu, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Kijito kikiachwa kiende moja kwa moja shambani, maji yake machache hunywewa na mfereji kabla hayajafika mbali. Basi huzuiwa ndivani usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa kwa nguvu, yakafika hata kwa mwenye shamba la chini. Lakini mvua za milimani huleta tope pia. Tope likijaa, nafasi ya maji hupungua, na wa chini ndiye wa kwanza kukosa. Hakuna dawa ila watu kuingia na majembe na makarai. Penye kamati imara, asiyefika kazini hutozwa faini.

Nakumbuka siku ambayo kikundi nilichokuwamo kilipanga kuzoa tope katika ndiva moja. Tukamwalika mgeni. Tukaanza na utambulisho, ikafuata risala, kisha hotuba ndefu juu ya umuhimu wa maji. Saa sita ikapita, jua likawaka, soda zikanywewa, mgeni akaaga, na majembe yakarudi nyumbani makavu. Kesho yake alfajiri akina mama wachache na wazee wawili walikuwa topeni bila kuitwa na mtu. Mgeni hakuwa na kosa. Ratiba tuliipanga sisi.

Tangu siku ile nashikilia kwamba kazi itangulie na hotuba ifuate, tena mgeni apewe jembe mapema. Wapo wanaoona ni kumvunjia heshima. Mimi naona atasema vizuri zaidi akiwa na tope miguuni, na kwa hakika atasema kwa ufupi.

Liko pia jambo la katibu. Katika kila ajenda yetu kuna "Yatokanayo na kikao kilichopita", nasi hulipita mbio ili tufike kwenye mengineyo. Hapo ndipo ahadi zetu zimelala.

Kwa mazungumzo kikundini: chukueni daftari la kumbukumbu, msome kwa sauti yatokanayo ya mikutano mitatu iliyopita. Ni kazi gani iliahidiwa nayo haijafanyika, na alikabidhiwa nani? Je, mgeni wenu ajaye mngependa awaombe nini?