Guruneti Lililozikwa: Sababu ya Kuliteketeza Palepale Lilipoonekana

Anayechimba msingi wa nyumba katika miteremko ya Nyakabanda, chini ya Mlima Kigali, hukutana na mengi ardhini: mizizi ya mikaratusi, vipande vya mabati, matofali ya nyumba iliyokuwapo zamani. Huenda siku moja jembe lake likagonga kitu cha chuma chenye ukubwa wa embe dogo, kilicholiwa na kutu hata rangi yake ya asili haitambulikani. Somo la toleo hili lahusu dakika zinazofuata mgongano huo.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini kitu cha namna hiyo kingali ardhini. Mabomu ya kutegwa yalizikwa nchini Rwanda katika vita vya mwaka 1990 hadi 1994, na mji wa Kigali wenyewe ulipiganiwa kuanzia Aprili 1994 hadi tarehe 4 Julai mwaka huo. Kazi ya kuyaondoa mabomu hayo ilichukua miaka mingi, na Desemba 2009, katika mkutano uliofanyika Cartagena nchini Kolombia, Rwanda ilitangaza kuwa imetimiza wajibu wake chini ya mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa dhidi ya watu. Wako wanaolisikia tangazo hilo wakadhani kwamba ardhi yote imekwisha kuwa salama. Tangazo lilihusu maeneo yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa. Guruneti halina eneo wala ramani. Hutoshea mfukoni, na mtu anayekimbia huweza kulitupa chooni, kulifukia mgombani, au kulisokomeza chini ya paa, akaenda zake asirudi tena. Ndiyo maana huweza kuonekana wakati wowote, na mara nyingi anayeliona ni mtu asiyelitafuta: fundi, mkulima, mtoto, au wananchi walio katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakizibua mtaro.

Guruneti la kawaida lina sehemu chache. Kuna ganda la chuma, baruti kali ndani yake, na juu kuna kiwashio chenye springi, kinachozuiwa na mkono wa chuma ambao nao hushikiliwa na pini. Pini ikitoka na mkono ukiachiwa, springi hukipiga kiwashio, na baada ya sekunde 4 hivi guruneti hulipuka. Sasa fikiria sehemu hizo baada ya miaka 30 katika udongo wenye unyevu. Pini ni waya mwembamba, na huliwa na kutu mapema. Mkono wa chuma waweza kuwa umeshikiliwa na udongo tu, na huo udongo ndio anaoupangusa mtu mwenye shauku ya kujua ameokota nini. Baruti yenyewe haiozi kama mti unavyooza. Yaweza kukaa ardhini miongo mingi ingali na nguvu zake. Wanaosema "hili limekwisha kufa" wanakisia, na hata mtaalamu hawezi kulithibitisha hilo kwa kulitazama tu kwa juu.

Kwa hiyo aliyekiona kitu hicho aache jembe mahali lilipo, asilichomoe kwa nguvu, wala asikimwagie maji kitu hicho ili kukisafisha. Aondoke kwa njia ileile aliyoijia, kwa kuwa panapoonekana kimoja huenda pana kingine. Akiisha kufika mbali, aweke alama inayoonekana, kama vile kitambaa juu ya mti au matawi yaliyopangwa njiani, kisha amwite kiongozi wa umudugudu na apige simu polisi kwa nambari 112. Mtu mmoja mzima abaki kwa mbali akiwazuia watoto na mifugo. Mbali ni wapi? Vipande vya baadhi ya maguruneti huweza kuruka zaidi ya mita 200. Katika mtaa uliobanana kama Nyakabanda, umbali huo wavuka nyumba nyingi, basi ukuta wa matofali kati yako na shimo ni kinga bora kuliko kusimama uwanjani mbele za wenzako ukipiga picha.

Hapa ndipo wananchi huuliza swali ambalo ni la haki: mbona wataalamu hawalichukui wakaenda nalo kambini, badala ya kuwahamisha watu majumbani na kulilipua jirani na makazi? Kulibeba ni kulitikisa, na kulitikisa guruneti ambalo hali ya kiwashio chake haijulikani ni kuihamishia hatari barabarani, mbele ya soko na shule. Pale lilipo, angalau limetulia. Mtaalamu wa mabomu kwanza hulitambua kwa macho bila kuligusa. Akiona kwamba haliwezi kusafirishwa kwa usalama, huwaondoa watu, huagiza njia zifungwe, hulizungushia mifuko ya mchanga ili vipande na mshindo vielekee juu na nguvu yake ipungue, kisha huweka baruti yake mwenyewe pembeni na kuiwasha akiwa mbali. Vyote viwili hulipuka kwa pamoja. Wakazi huombwa wafungue madirisha, kwa kuwa kioo kilichofungwa huvunjika upesi kwa msukumo wa hewa. Kazi ya maandalizi huweza kuchukua saa kadhaa, na mlipuko wenyewe ni kufumba na kufumbua. Anayekataa kutoka nyumbani kwa sababu chakula kiko jikoni huwachelewesha jirani zake wote.

Sisi tunaokaa karibu na mipaka tuna sababu ya ziada ya kulijua somo hili. Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, makombora na risasi vilivuka mpaka vikaanguka Rubavu, na watu walipoteza maisha. Si kila kinachoanguka hulipuka. Dar es Salaam walijifunza hayo bila vita: ghala la silaha lilipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na jingine Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, makombora yalitawanyika katika makazi ya watu. Huko Archer's Post na Dol Dol nchini Kenya, wafugaji walijeruhiwa na wengine kufa kwa mabaki ya mazoezi ya kijeshi, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya watu 200. Wengi wa walioathirika walikuwa wachungaji, miongoni mwao watoto waliookota kitu walichokiona king'aacho.

Biashara ya chuma chakavu yastahili kutajwa hapa. Mtoto anayelipwa kwa kilo hatofautishi bomba na kombora, na mzani wa mnunuzi hautofautishi pia. Mwenye kununua chuma asikubali kitu kilichofungwa pande zote asichokijua, wala asikigonge kwa nyundo ili kukifungua.

Liko pia jambo ambalo huwafanya watu wanyamaze. Mtu akilikuta guruneti katika kiwanja alichokinunua majuzi, huogopa kuulizwa limefikaje pale, na usiku hulichukua akalitupe mtoni au katika shimo la taka la jirani. Kwa kufanya hivyo, kitu kilichokuwa mahali pamoja panapojulikana huwa mahali pasipojulikana, naye sasa amekishika kweli. Ni kweli ataulizwa maswali: alikiona lini, nani mwingine amekikaribia, kiwanja kilikuwa cha nani. Majibu hayo humsaidia mtaalamu kuamua kama apekue eneo zima au shimo hilo tu.

Mlipuko ukiisha, watu wasikimbilie shimoni kutazama. Mtaalamu hurudi peke yake kwanza, akahakikisha kwamba baruti yote imeteketea, akaokota vipande na kupima udongo uliobaki pembeni. Akishatoa ruhusa, njia hufunguliwa, na fundi huweza kurudi kwenye msingi wake.