Keki na Mikate Bila Sukari: Majibu kwa Wanaotaka Kujaribu

Kisukari kimeingia majumbani mwetu, na waokaji wengi wanataka kujua kama vitamu walivyovizoea vinawezekana bila sukari. Vingi vinawezekana, ila si kwa kuitoa sukari tu na kuacha mengine yalivyo.

Dada, nilitoa sukari yote kwenye keki yangu ya siku zote. Ikatoka ngumu, imepauka, wala haikupanda. Kwa nini?

Kwa sababu sukari haitiwi kwa ajili ya utamu tu. Unapoichapa na siagi, chembe zake huingiza hewa, na hewa hiyo hutanuka ndani ya oveni. Sukari hushika maji, ndiyo maana keki hukaa laini siku mbili tatu. Huchelewesha mayai na unga kukaza, keki ikapata muda wa kupanda. Tena huipa rangi ya kahawia. Kila kazi itafutie mbadala: chapa mayai mpaka yawe mazito na yapauke, tia mtindi kwa ajili ya unyevu, na upake maziwa juu kabla ya kuoka ili ipate rangi. Keki ya namna hii iliwe mapema, haikai.

Nikitumia asali au tende, si itakuwa haina sukari?

Hapana. Katika gramu 100 za asali, karibu 80 ni sukari. Tende kavu nazo hazipungui sana hapo, ingawa zina nyuzinyuzi ambazo asali haina. Hata ndizi, kadiri ganda linavyopata madoa meusi ndivyo wanga wake unavyogeuka sukari. Ni viungo vizuri, lakini mwenye kisukari lazima avihesabu.

Nichague stevia au erithritoli?

Zinafanya kazi tofauti. Stevia ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, hivyo unatia kidogo sana, na nafasi ya gramu 200 za sukari inabaki wazi. Ukiizidisha huacha uchungu ulimini. Erithritoli ina chembe kama za sukari na hujaza nafasi hiyo, ila utamu wake ni kama asilimia 60 hadi 70 ya sukari, haipati rangi motoni, na huacha ubaridi mdomoni. Changanya: erithritoli kwa ujazo, stevia kidogo sana kwa utamu. Aspatami iache kwenye chai. Joto la oveni huivunja na utamu wake hupotea.

Mama yangu ana kisukari na anapenda sana mkate wa kumimina. Nimpikie vipi?

Mdogo wangu, kwanza tukubaliane kwamba mkate wa kumimina ni mchele. Hata usipotia sukari kabisa, wanga wa mchele mweupe hugeuka glukosi upesi mwilini. Kwa hiyo kipande kiwe chembamba, na akile baada ya mlo wenye samaki na mboga, si kwa chai tupu asubuhi.

Katika kupika, bakiza kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa ajili ya hamira, maana hamira haili stevia wala erithritoli. Tia tui zito, chumvi kidogo, na iliki uliyoitwanga muda huohuo. Ukipalia makaa juu ya kifuniko, usingoje rangi ya kahawia, kwani itachelewa na mkate utakauka. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua.

Mama apime sukari kabla ya kula na tena baada ya saa mbili. Kipimo hicho kitawaonyesha kipande kinachomfaa. Kama anatumia insulini au vidonge, azungumze kwanza na kliniki yake.

Biskuti za dukani zilizoandikwa "bila sukari" ni salama?

Geuza pakiti usome kiasi cha wanga, kwa kuwa unga bado umo. Nyingi hutiwa maltitoli, ambayo hupandisha sukari ya damu, ingawa si kama sukari yenyewe. Ukila nyingi, tumbo hujaa gesi na hata kuhara.

Kwetu hakuna mwenye kisukari. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kupunguza. Keki yenye gramu 200 za sukari ikikatwa vipande 10, kila kipande kina gramu 20, yaani vijiko 5 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akishuka hadi gramu 25 hivi kwa siku, afya yake hunufaika zaidi. Tieni gramu 150. Keki nyingi haziharibiki. Mkishazoea, shukeni tena kidogo. Vanila, mdalasini na kungumanga huufanya mdomo uhisi utamu zaidi ya uliopo.

Mwaka 2023 shirika hilohilo lilishauri watu wasio na kisukari wasitegemee vitamu mbadala kudhibiti uzito. Nakubaliana nalo. Mtoto aliyezoeshwa keki yenye utamu wa wastani hatahitaji stevia wala erithritoli akikua, na kumzoesha hakuongezi gharama hata shilingi moja.