Lahaja na Uhalisia katika Filamu za Ken Loach

Makala haya yanajadili suala moja katika kazi za Ken Loach, mwongozaji mkongwe wa filamu wa Uingereza: nafasi ya lahaja katika uhalisia wake. Wahakiki wengi humwainisha kwa siasa zake za mrengo wa kushoto. Uainishaji huo si wa uongo, lakini unaficha msingi wa ufundi wake.

Loach alizaliwa Nuneaton mwaka 1936, akasomea sheria Oxford, na mwaka 1963 akajiunga na BBC. Tamthilia yake ya televisheni, Cathy Come Home (1966), kuhusu familia iliyokosa makazi, ilizua mjadala wa kitaifa.

Hata hivyo, inayotufaa zaidi hapa ni Kes (1969), iliyotokana na riwaya ya Barry Hines. Inamsawiri Billy, mtoto wa eneo la machimbo ya makaa ya mawe, anayefuga kipanga. Ilipigwa Barnsley, na David Bradley, aliyeigiza Billy, alikuwa mwanafunzi wa huko huko. Wahusika wanasema lahaja ya Yorkshire. Katika onyesho la darasani, Billy, anayehesabiwa kuwa mjinga, anatakiwa kusimulia jambo la kweli. Anaeleza jinsi ya kumfunza ndege wake, na wenzake wote wanamsikiliza kimya. Lau maneno hayo yangalitiwa katika Kiingereza sanifu, ushindi ungalikuwa wa shule, si wa Billy.

Loach hupiga matukio kwa mfuatano wa hadithi, na huwapa waigizaji mswada kidogo kidogo ili mshtuko wao uwe wa kweli. Mbinu hii ina gharama. Wavulana wanaochapwa viboko katika Kes walichapwa kweli, na hapo, kwa maoni yetu, uhalisia ulivuka mpaka wake.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Filamu zake za hali halisi kuhusu vyama vya wafanyakazi zilizuiwa. Baadaye alipata tuzo kuu ya Cannes mara mbili, mwaka 2006 na 2016. Lakini suala la lahaja halikuisha. Katika Sweet Sixteen (2002), vijana wa Greenock, Uskoti, wanazungumza kama wanavyozungumza mitaani, matusi yakiwemo. Kwa sababu ya lugha hiyo, bodi ya ukaguzi iliwaruhusu kuitazama watu wa miaka 18 na zaidi tu. Mhusika mkuu ana miaka 15.