Kifua Kikuu Kisichokohoa

Mkulima wa Chunyu, wilayani Ruangwa, akiumwa mgongo baada ya palizi ya mikorosho au mavuno ya ufuta, nani atafikiria kifua kikuu? Atameza panadol, atachuliwa mafuta, na miezi itapita. Lakini maumivu yanayong'ang'ania mahali pamoja, yasiyopoa hata ukilala, huku mwili unakonda na usiku unalowa jasho, usiyasingizie jembe. Vijidudu vya kifua kikuu (TB) husafiri kwa damu vikatua popote: kwenye tezi, tumbo, figo, uti wa ubongo. Vikila pingili za mgongo huleta kibiongo, na miguu ikianza kulegea, kila siku ina thamani.

Wengi hukwama kwenye makohozi. Yamepimwa, TB haikuonekana, mtu anarudi nyumbani ameridhika. Majibu hayo ni ya mapafu tu. Ugonjwa wa tezi hutafutwa kwenye tezi. Tezi ya TB shingoni mara nyingi haiumi; hukua polepole, hushikana na jirani zake, na ikipasuka hutoa usaha usiokauka. Usikubali ichanjwe kwa wembe. Mtaalamu huvuta majimaji kwa sindano nyembamba, yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert. Kikikatwa kijinyama cha kupima, kisitiwe chote kwenye formalini, kwani huua vijidudu na kuviotesha maabara hakuwezekani tena. Kipande kimoja kiwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali. Uliza, si utovu wa adabu.

Hata hivyo, kipimo kinaweza kukosa kijidudu nacho kipo, ndiyo maana daktari wakati mwingine huanzisha dawa kwa kufuata dalili. Picha ya kifua ipigwe pia, na VVU vipimwe. Mwenye VVU aliyedhoofika huweza kupimwa TB kwa mkojo. Mapafu yakiwa salama, hakuna haja ya kumtengea mtu sahani (hata TB ya mapafu haiambukizwi kwa sahani).

TB ya uti wa ubongo haisubiri: mtoto mwenye homa, anayetapika, mlegevu au mwenye shingo ngumu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Anzia zahanati. Taja dalili zote, na taja aliyewahi kuugua TB nyumbani. Ukipewa rufaa ya Ruangwa, Nachingwea au Sokoine mjini Lindi, nenda. Dawa za TB ni bure: miezi 6 kwa wengi, 12 kwa TB ya mifupa na ya uti wa ubongo.