Mwongozo wa Kutunza Nafasi na Faili kwa Wapiga Picha wa Songea

Kila tarehe 27 Februari, Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Mpiga picha wa kumbukumbu hiyo, sawa na wa harusi au kipaimara, hurudi studio na picha zisizopigika tena. Kwa hiyo kompyuta ikijaa, fuata kanuni hii: futa kwanza kinachoweza kutengenezwa upya, kisichoweza, kinakiliwe kabla hakijaguswa.

1. Kagua picha asili. Hakikisha zinafunguka kwenye diski ya nje. Vijipicha vinavyoonekana ndani ya programu si ushahidi kwamba picha asili bado ipo. Vinaweza kuwa ndiyo masalia pekee.

2. Safisha akiba ya muda. Hizi ni faili ambazo programu hujiwekea ili picha zifunguke haraka, na zikifutwa hutengenezwa tena. Katika Lightroom Classic, funga programu kwanza, kisha unaweza kufuta folda inayoishia na Previews.lrdata. Faili za .lrcat na .lrcat-data zimebeba kazi yako yote ya uhariri. Usiziguse.

3. Kwenye simu, tofautisha kufuta akiba na kufuta data. Kufuta akiba hakuondoi picha zako. Kufuta data ya WhatsApp huondoa mazungumzo yaliyomo kwenye simu.

4. Usifute ovyo ndani ya Google Photos. Picha iliyokwisha kupakiwa, ukiifuta humo, huondoka kwenye simu na kwenye akaunti pia, kisha hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 60 tu. Kupunguza mzigo wa simu peke yake, tumia sehemu ya kuongeza nafasi.

5. Usitegemee akaunti ya bure peke yake. Google hutoa gigabaiti 15, na Gmail na Drive nazo hula humo humo. Harusi moja yenye picha ghafi 1,000 za kamera ya megapikseli 24 inaweza kufikia gigabaiti 25.

6. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya studio. Moto au mwizi akipita, hiyo ya nje ndiyo itakayobaki.

7. Taja folda kwa tarehe na tukio, mfano 2025-02-27_Majimaji, ili usinakili kazi moja mara mbili bila kujua.

8. Andika kwenye risiti muda utakaotunza picha za mteja. Muda ukikaribia kwisha, mpigie simu kabla ya kufuta. Diski zenye picha zake zifungiwe, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda.

Tenga saa moja kila mwisho wa wiki kwa kazi hii. Usiformati memori kadi yoyote kabla ya kuziona nakala mbili kwa macho yako.